Mwarubaini: kipi ununue, kipi uchume bure

Kama una mwarubaini uani, au kwa jirani mnayeamkiana vizuri, usinunue majani yake. Si mabichi, si makavu, si yaliyosagwa yakatiwa pakitini. Kuanzia Mtwapa hadi Marereni mti huu umejiotea kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule na katika mahame, maana ndege na popo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Wengine huku wauita mkilifi. Ulitoka Bara Hindi, ukaipenda pwani yetu, na sasa watu wa misitu wanalalamika kwamba umezidi. Kitu kilichozidi hivyo hakina sababu ya kukutoa shilingi mia tatu kwa gramu mia.

Ila majani si bidhaa pekee. Ingia sokoni Malindi au kwenye duka la mitishamba Kilifi mjini, utaonyeshwa sabuni, mafuta, kapsuli, unga, majani ya chai, dawa ya meno, mafuta ya kufukuza mbu, na vichupa visivyo na lebo ambavyo sifa zake utazisikia kinywani mwa muuzaji tu. Karibu vyote husifiwa kwa mambo mawili: vinaua vijidudu, na vina antioksidanti. Sifa hizo ni za kweli kwa mti. Wewe mnunuzi unataka kujua kama ni za kweli kwa kilichomo chupani, kwa kipimo utakachotumia, na kwa pesa utakayotoa.

Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu. Malindi, Watamu na Kaloleni hazilingani, na ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Weka bei ya duka lako mahali pa yangu, hesabu itakwenda vilevile.

Nguvu iko wapi

Mti huu umechunguzwa sana. Mwaka 1942 mkemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga nimbini kutoka kwenye mafuta ya mbegu. Mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, wakatenga azadiraktini, kemikali inayowakatiza wadudu hamu ya kula na kuwavuruga wasikue. Wanakemia wa Cambridge walihangaika miaka 22 kuiunda azadiraktini maabara, wakafaulu mwaka 2007. Kwa hiyo anayekuambia ana azadiraktini tupu aliyoitengeneza kibandani kwake anakuuzia hadithi.

La kumfaa mnunuzi ni hili: azadiraktini imejaa kwenye kiini cha mbegu, si kwenye jani. Jani lina vitu vyake, kama kwasetini na jamii yake, ambavyo ndivyo antioksidanti zinazotajwa kwenye pakiti. Mafuta ya mbegu na unga wa majani ni bidhaa mbili tofauti, hata kama lebo zote zina picha ya mti mmoja. Usikubali sifa za mbegu zikuuzie jani.

Kisha kuna maabara na kuna jikoni kwako. Ni kweli dondoo la mwarubaini limezuia bakteria wa majipu na wale wanaotoboa meno, katika majaribio mengi na nchi nyingi. Lakini soma jinsi dondoo hilo lilivyopatikana: mara nyingi majani huloweshwa kwenye spiriti, si kwenye maji. Spiriti huvuta vitu ambavyo maji hayavivuti vizuri. Ukichemsha majani sufuriani hujapata kile kilichopimwa.

Halafu kipimo. Dondoo la mimea lisilosafishwa kwa kawaida huzuia bakteria likiwa la miligramu kadhaa kwa kila mililita. Antibayotiki nzuri hufanya kazi hiyo kwa mikrogramu chache, na miligramu moja ni mikrogramu elfu. Kwenye ngozi unaweza kupaka dawa nzito pale pale penye tatizo. Ukiinywa, inachanganyika na lita zako za damu na maji ya mwili, na haibaki na nguvu ya kusemwa. Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza ni fupi: mwarubaini wa kupaka unaweza kustahili pesa yako, mwarubaini wa kumeza ni nadra.

Mafuta: hapa toa pesa

Mafuta ya mbegu ndiyo bidhaa moja ninayoitetea, kwa sababu moja ya kibahili: kuyatengeneza nyumbani ni kazi. Uokote matunda yaliyoiva, uyamenye, uoshe mbegu, uzikaushe kivulini kabla hazijaota ukungu, upasue maganda, utwange kiini, kisha ukamue. Bila mashine utapata kidogo na mikono itakuuma. Anayefanya kazi hiyo vizuri anastahili malipo yake.

Tuseme chupa ya mililita 30 ni shilingi 250 na ya mililita 100 ni shilingi 500. Ndogo inakula shilingi nane na zaidi kwa mililita, kubwa shilingi tano. Ukinunua mililita mia kwa vichupa vidogo utalipa zaidi ya mia nane. Hata hivyo usikimbilie kubwa. Kwa ngozi hutumii mafuta matupu. Kijiko kimoja cha chai huchanganywa na vijiko tisa au kumi vya mafuta ya nazi, ambayo huku tunayo. Kichupa kidogo kitakutosha muda mrefu, na mafuta haya huchachuka yakikaa wazi. Chupa kubwa ni ya mwenye shamba la mboga, atakayeyachanganya na maji na sabuni kidogo anyunyizie sukuma na mabilingani.

Mwenye shamba naye ana njia ya bei nafuu zaidi. Gramu 50 za kiini cha mbegu kilichopondwa, lita moja ya maji, iache usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Jioni, kwa sababu jua huivunja azadiraktini upesi. Hapo umelipa jasho tu.

Jua hilohilo ndilo linalokuharibia mafuta dukani. Chupa nyeupe inayopitisha mwangaza, iliyoanikwa mezani kando ya barabara tangu Januari, usiitoe mahali ilipo. Chagua ya rangi nyeusi au ya kahawia, iliyokaa ndani, yenye tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha.

Mafuta halisi hayapendezi. Rangi yake ni ya kahawia au kijani kilichochafuka, harufu yake kali kama kitunguu saumu kilichokaa, ladha yake chungu hata ukigusisha ulimi tu. Yakiwa meupe, yananukia waridi na hayana uchungu, basi yamesafishwa mno au yamekutana na mafuta ya kupikia njiani. Muuzaji atasema "yameondolewa harufu". Huenda ni kweli. Basi apunguze bei, maana kilichoondolewa si harufu peke yake.

Jaribu kwanza ndani ya mkono, ungoje siku nzima. Ngozi za watu wengine huyakataa, zikawasha na kuvimba.

Na hili halina mjadala: mafuta haya hayanywewi, na mtoto mchanga haonjeshwi hata kijiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga 13 waliopewa mafuta ya mwarubaini kama dawa ya kienyeji, wakaishia kutapika, kusinzia, kupumua kwa shida na kushikwa na degedege. Mama mjamzito, au anayetafuta mimba, asiyameze pia. Majaribio kwa wanyama yanaonyesha yanazuia na kuharibu mimba. Chupa isiyosema lolote kuhusu hayo imeficha jambo kubwa kuliko bei.

Sabuni: angalia mizani, si rangi

Sabuni ya mwarubaini yauzwa kama kinga. Tuseme kipande cha gramu 100 ni shilingi 200, na sabuni ya kawaida ya uzito huo ni 80. Unalipa 120 ya ziada kwa kitu kinachokaa mwilini dakika moja kisha kinakwenda na maji.

Tena mafuta yanapokutana na magadi makali kutengeneza sabuni, sehemu kubwa yake hugeuka kuwa sabuni. Kinachosalia cha asili hutegemea fundi aliacha mafuta kiasi gani bila kugeuzwa, na hilo halimo kwenye lebo.

Kwa kunawa mikono, usiongeze hata shilingi kumi. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku viuavijidudu 19 katika sabuni za nyumbani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji. Kama kemikali zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zimeshindwa kujitetea, kipande chenye matone ya mwarubaini kitajitetea kwa nini?

Ukiipenda kwa sababu ngozi yako inatulia nayo, sawa, nunua. Lakini kuwa mkali. Kijani kinachong'aa ni rangi ya kutia. Mafuta yenyewe hayatoi kijani cha namna hiyo. Pima uzito, maana vipande vya gramu 75 na vya gramu 100 hukaa pamoja kwa bei moja, na kisanduku huwa kikubwa kuliko kilichomo. Tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS. Sabuni za mkono zisizokomaa zina maji mengi, na katika joto na unyevu wa huku zikiachwa kwenye sahani yenye maji zitakuwa uji kabla ya wiki mbili. Iweke pakavu, la sivyo nusu ya pesa yako imeingia kwenye mfereji.

Kwenye maduka ya mahoteli ya Watamu na Malindi sabuni hiyohiyo hufungwa kwa makuti na kamba ya katani, bei ikapanda. Hiyo ni zawadi ya mgeni kupeleka Italia. Wewe wakaa hapa. Nunua isiyovikwa nguo.

Upele, choa na vidonda

Hapa mwarubaini una kesi yake bora. Mwaka 1992 ilichapishwa ripoti kutoka India ya watu 814 wenye upele waliopakwa majani ya mwarubaini yaliyopondwa pamoja na manjano. Asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo tusiibebe kama msahafu, lakini dawa yenyewe ni majani ya bure na manjano ya shilingi chache kutoka kwa muuza viungo.

Gharama iliyojificha ni nguo. Manjano hayatoki kirahisi kwenye shuka, kanga wala sare ya shule. Tena utapaka kila siku kwa siku nyingi, na nyumba nzima.

Mshindani wake ni losheni ya benzili benzoeti kutoka duka la dawa, chupa ya bei ya kawaida. Inanuka, inawasha kidogo, lakini siku chache kazi imekwisha. Ukiwa na watoto watano kwenye kitanda kimoja, piga hesabu ya chupa ngapi zitahitajika kabla hujaondoka nyumbani, maana kumtibu mmoja na kuwaacha wanne ni kununua dawa mara mbili. Vyovyote utakavyochagua, shuka na nguo zioshwe na kuanikwa jua kali siku hiyohiyo. Jua hilo ni la bure.

Kama pesa ipo ya chupa za kuwatosha wote, nunua losheni. Kama haipo, majani na manjano si upuuzi, anza leo.

Choa, wengine waita mashilingi, ni fangasi. Kirimu ya klotrimazoli haina bei ya kutisha, na inajulikana kwamba inafanya kazi. Mafuta ya mwarubaini huenda yakasaidia, lakini usilipe shilingi 500 kubahatisha pale ambapo pungufu ya hapo inatosha. Choa cha kichwani hata kirimu haikiwezi, kinataka dawa ya kumeza kutoka kituoni.

Kidonda kibichi: maji safi na sabuni ya kawaida. Kikiwa kirefu, kikivimba au kikitoa usaha, au ni cha mguu wa mtu mwenye kisukari, peleka kituo cha afya. Usikisiribe majani.

Meno

Kijiti cha mwarubaini ni bure, na kikitafunwa vizuri kinasugua. Kuna majaribio ya dawa za kusukutua na jeli za mwarubaini yaliyoonyesha utando wa meno unapungua. Mswaki wa mti, ule unaouzwa kwa vishada nje ya misikiti hasa Ramadhani, nao una kiuavijidudu chake, na Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuupendekeza mwaka 1986 kwa jamii zenye desturi hiyo.

Dawa ya meno ya mwarubaini ni jambo jingine. Geuza boksi, tafuta neno floraidi. Nyingi za mitishamba hazina, na floraidi ndiyo inayoyalinda meno yasitoboke. Kama haina na bei ni mara mbili ya dawa ya kawaida, umelipa zaidi upate pungufu. Piga mswaki wa mti mchana upendavyo. Usiku tumia dawa ya kawaida yenye floraidi, ya bei ya chini kabisa. Kung'oa jino ni ghali kuliko mirija mingi ya dawa.

Kapsuli, unga na chai: funga pochi

Sasa njoo kwenye hesabu inayonichekesha. Kopo la kapsuli 60, shilingi 1,200, kila kapsuli miligramu 500 za unga wa majani. Kopo zima lina gramu 30. Ni shilingi 40 kwa gramu, yaani shilingi 40,000 kwa kilo moja ya majani ya mwarubaini. Majani yaleyale yanayofagiliwa kila asubuhi kituo cha matatu.

Kipimo cha kopo ni mbili asubuhi, mbili jioni. Siku kumi na tano, limekwisha. Kwa mwezi ni makopo mawili, shilingi 2,400, na muuzaji atakwambia "mwili unahitaji miezi mitatu kusafishika". Hiyo ni 7,200. Maneno ya miezi mitatu ndiyo gharama iliyojificha kuliko zote, maana hayaandikwi popote na hutamkwa ukiisha kulipa kopo la kwanza.

Nini unachopata? Antioksidanti, watasema. Antioksidanti huzuia vitu visiharibiwe na oksijeni, kama mafuta yanavyochachuka. Katika chombo cha maabara unga wa mwarubaini unafanya hivyo bila shaka. Lakini kumeza antioksidanti kwa kopo hakuna dhamana ya afya, na kuna ushahidi wa kutuliza hamasa. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walifuatiliwa, baadhi wakipewa vidonge vya beta-karotini. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza.

Antioksidanti unazihitaji, na ziko kwenye sahani. Mchicha, mnavu, mchunga, majani ya mzunze, embe za msimu, ukwaju, mabuyu, karafuu mbili kwenye wali. Kopo la kapsuli kwa hesabu yetu linakula shilingi 80 kwa siku. Mpe mama mboga hizo 80 uone atakachokufungia, na humo mtapata pia madini ya chuma na vitamini, na nyumba nzima itakula.

Unga wa pakiti ni nafuu kuliko kapsuli, lakini ni majani tu. Hujui yalikaushwa wapi, na majani yaliyoanikwa juani hupoteza nguvu, yaliyorundikwa mabichi huota ukungu. Ukitaka lazima, chuma machanga, osha, kausha kivulini hadi yavunjike mkononi, weka kwenye mtungi mkavu.

Chai yake ndiyo hiyohiyo, na usidhani ni bure kabisa. Wanaochemsha sufuria nusu saa kila jioni wanaunguza makaa, na mwenye kununua maji kwa mtungi ajihesabie. Kwa mwezi unaweza kushangaa dawa ya bure imekula mkebe mzima wa makaa.

Kwa mwenye kisukari anayetumia vidonge au sindano, mwarubaini wa kunywa unaweza kuishusha sukari juu ya ile iliyoshushwa na dawa. Mwambie mhudumu wa kliniki kabla hujaanza. Usiache dawa ukangojea majani.

Homa

Najua wengi wananunua kwa ajili ya hili, kwa hiyo niseme waziwazi. Mwarubaini hautibu malaria. Kuna kitu kiitwacho geduni katika mti huu, na kimezuia vimelea vya malaria maabara. Kikimezwa mwili hukivuta kidogo mno. Kujifukiza majani kunatoa jasho na kunamfanya mgonjwa ajisikie ametunzwa, vimelea vinaendelea.

Kilifi ndiko taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na washirika wake wamechunguza malaria kali ya watoto tangu 1989, na wanachojua wauguzi wa wodi hizo ni kwamba mtoto anaweza kubadilika kutoka homa hadi degedege kwa siku moja au mbili. Kipimo na dawa ya malaria katika zahanati ya serikali ni gharama ndogo au hakuna. Chupa ya "dawa ya malaria ya mitishamba" ya shilingi 600 ni ghali hata ingekuwa shilingi sita, kwa kuwa inakula siku ambazo mtoto hana.

Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa inapaswa kuwa na namba ya usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu. Iombe. Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya kupewa habari unazohitaji kuhusu unachonunua, na muuzaji wa haki hatakasirika.

Mti usio wenyewe

Kabla ya kuchuma, hakikisha. Kuna mti mwingine, nduguye, ambao baadhi ya watu huuita mwarubaini pia, na matunda yake ni sumu. Mwarubaini wetu una vijani vilivyopangika pande mbili za kikonyo kimoja, vimepinda kama mundu, kingo zina meno. Yule mwingine kikonyo chake kina matawi, na vijani viko kwenye matawi hayo. Matunda yake ya duara ya manjano hubaki yakining'inia kwa miezi hata majani yakipukutika. Ya mwarubaini ni marefu kidogo kama zeituni, na huanguka upesi yakiiva. Ukishindwa kutofautisha, mwonyeshe mzee wa mtaa au mtu wa miche, na usimpe mtoto kitu mpaka ujue.

Usichume pia kando ya barabara kuu wala karibu na shamba lililopigwa dawa. Vumbi na moshi havikaushiki kivulini.

Ukiwa na kiasi hiki

Huna kitu: majani ya uani kwa upele, kijiti kwa meno, mbegu kwa mboga. Mpaka hapo umeshapata zaidi ya nusu ya faida ya mti huu, na pochi haijafunguliwa.

Una shilingi 500: kichupa kidogo cha mafuta, cha rangi nyeusi, chenye tarehe, na kibaba cha mafuta ya nazi ya kuchanganyia. Chenji nunua dawa ya meno yenye floraidi. Usitume pesa kwa simu kuagiza Mombasa au Nairobi: ukijumlisha ada ya kutuma, mzigo wa basi na bodaboda ya kuufuata stendi, kichupa cha 250 kimeshafika 500. Akikwambia muuzaji wa mbali kwamba usafiri ni bure, umo ndani ya bei.

Una elfu mbili na shamba la mboga: chupa kubwa ya mafuta kwa zamu na jirani, mgawane gharama kabla hayajachachuka. Una elfu mbili na huna shamba: bado kichupa kidogo. Zinazobaki si za kapsuli.

Na kabla ya yote hayo, bila shilingi hata moja, piga *147# ujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) pamoja na watoto wako kama hujafanya hivyo. Aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali vya ngazi ya pili na ya tatu. Fanya leo, kabla mvua haijaanza na mbu hawajaja.